Reli ya Delagoa: nani aliulizwa, nani hakuulizwa

Tarehe 25 Juni 1889 serikali ya Ureno ilifuta mkataba wa reli moja kusini mwa Msumbiji na kuichukua reli yenyewe, pamoja na stesheni, injini na mabehewa. Haikuwa reli ndefu. Ilikuwa na takriban kilomita 80, haifiki hata nusu ya safari ya Dar es Salaam kwenda Morogoro. Ilianzia bandari ya Lourenço Marques, ambayo leo tunaiita Maputo, ikaishia porini karibu na mpaka wa jamhuri ya Makaburu ya Transvaal. Lakini kelele zake zilifika London, Washington, Lisbon, Berlin na Berne, na hazikutulia kwa karibu miaka 11.

Kelele za London ndizo zilizonivuta. Muda mfupi baada ya reli kuchukuliwa, wabunge wa Uingereza walianza kusimama na kuuliza: Serikali ya Malkia ina habari gani? Mali ya Waingereza imechukuliwa, serikali inafanya nini? Fidia itakuja lini? Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi imenizoesha kusoma taarifa rasmi za Bunge kama wengine wanavyosoma riwaya. Ukizisoma kwa makini unaona kila kitu: nani anamwogopa nani, nani katumwa, nani anajibu bila kujibu. Na zaidi ya yote unaona ni nani anayehesabiwa kuwa mtu mwenye dai, na nani hata hatajwi.

Makala haya yanahusu hilo. Nitasimulia kisa cha reli, maana ni kisa kizuri na wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Ila naomba msomaji wakati wote uwe na swali moja kichwani: hapa anaulizwa nani?

Ghuba ambayo kila mtu aliitaka

Tazama ramani. Ghuba ya Delagoa ni moja ya bandari nzuri kabisa za asili katika pwani ya kusini mashariki mwa Afrika, na ndiyo iliyo karibu zaidi na nyanda za Transvaal. Uingereza na Ureno ziligombania umiliki wake mpaka zikaamua kwenda kwa msuluhishi, Rais MacMahon wa Ufaransa. Tarehe 24 Julai 1875 MacMahon akaipa Ureno. Yaani Rais wa Ufaransa, akiwa Ulaya, anakata shauri kwamba ghuba ya Waronga ni ya Wareno wala si ya Waingereza. Ndivyo mambo yalivyokwenda.

Kwa Makaburu wa Transvaal, ghuba hiyo ilikuwa dirisha la kupumulia. Hawakuwa na bahari. Bandari nyingine zote zilizokuwa karibu zilikuwa mikononi mwa Waingereza, na kupitisha mizigo kwa Mwingereza maana yake ni kulipa ushuru wake na kuishi kwa huruma yake. Rais Burgers wa Transvaal alikwenda Ulaya miaka ya 1870 kukopa fedha za reli ya kwenda Delagoa. Alipata kidogo mno kuliko alichohitaji. Vifaa vikanunuliwa, vikafika bandarini, vikaozea hapo hapo. Mwaka 1877 Uingereza ikaitwaa Transvaal, na ndoto ile ikalala.

Makaburu walipojikomboa baada ya vita vya 1880 na 1881, ndoto ikaamka. Safari hii akaingia Mmarekani, Kanali Edward McMurdo. Desemba 1883 Ureno ilimpa kibali cha kujenga na kuendesha reli kutoka Lourenço Marques mpaka mpaka wa Transvaal, kwa miaka 99. Kilikuwa kibali kinono. Ndani yake mlikuwa na ahadi kwamba hakutajengwa reli nyingine ya kushindana naye, na mlikuwa na uhuru wa kupanga viwango vya nauli na mizigo. Kipengele hiki cha nauli kikumbuke, kitarudi.

Miaka mitatu baadaye, 1886, dhahabu ikafunguliwa Witwatersrand. Kipande cha reli ambacho hakijajengwa kikageuka ghafla kuwa mlango wa mgodi mkubwa kuliko yote duniani.

Kampuni ndani ya kampuni

Hapa ndipo mambo ya kisheria yanapoanza kuwa matamu, na nitajitahidi kuyaeleza bila kumchosha mtu.

Kibali cha McMurdo kilimtaka aunde kampuni ya Kireno. Akaiunda, makao yake Lisbon. Lakini Lisbon hakukuwa na mtaji wa kutosha, na mwaka 1887 ikaundwa kampuni ya pili, London, iitwayo Delagoa Bay and East African Railway Company. Hii ya London ilichukua hisa za ile ya Lisbon na kuuza hatifungani kwa Waingereza wenye akiba zao. Kwa hiyo kampuni yenye reli ilikuwa ya Kireno, wenye kampuni walikuwa Waingereza, na mwanzilishi alikuwa Mmarekani. Ni kama nyumba yenye hati ya jina moja, kodi inapokewa na jina la pili, na fundi anadai kwa jina la tatu. Siku nyumba ikivunjwa, nani ataenda kulalamika?

Ujenzi ulikwenda haraka. Kufikia Desemba 1887 njia ilikuwa imefika pale ambapo kampuni iliamini mpaka upo, na ikazinduliwa. Ndipo Ureno ikasema: hapana, mpaka uko mbele zaidi, kilomita nyingine karibu 9, na kipande kilichobaki ni kigumu, kimebana kando ya mto Komati. Kampuni ikajibu kwamba kazi ya kuonyesha mpaka ilikuwa ya serikali na serikali ilichelewa kuifanya. Wakavutana. Mwishowe Ureno ikatoa tarehe: kazi iwe imekwisha ifikapo tarehe 24 Juni 1889.

Sababu ya haraka hii haikuwa kilomita 9. Ilikuwa nauli. Rais Kruger wa Transvaal hakutaka kabisa njia yake ya kwenda baharini iwe chini ya kampuni ya London yenye uhuru wa kupanga bei. Yeye alikuwa ameshawapa Waholanzi, kampuni iliyojulikana kwa herufi za NZASM, haki ya kujenga upande wake wa mpaka. Na tangu Mei 1884 kulikuwa na hati ya siri ambamo Ureno iliwaahidi watu wa Transvaal njia nyingine, kwa jina la tramu, endapo McMurdo angeshindwa. Yaani mkono mmoja umempa McMurdo ahadi ya kutoshindaniwa, mkono wa pili unaandika barua kwa mshindani wake.

McMurdo alifariki Mei 1889. Tarehe 24 Juni ikapita, kazi haijakwisha. Kesho yake Ureno ikachukua reli.

Bunge la Makabwela

Sisi Waswahili tumeliita baraza la chini la Uingereza Bunge la Makabwela. Nalipenda jina hili kwa jinsi linavyotania lenyewe. Kabwela ni mtu asiye na kitu, na waliosimama humo mwaka 1889 kuuliza habari za Delagoa walikuwa wakiwasemea watu wenye hatifungani.

Wala siwabezi. Ukisoma maswali yao unaona wajibu wa mbunge ukifanya kazi. Raia wako ameweka akiba yake mahali, serikali ya nje imeichukua, wewe unasimama na kumbana waziri. Anayejibu mara nyingi ni Sir James Fergusson, naibu waziri wa mambo ya nje, na lugha yake ataitambua yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti cha waandishi kule Dodoma. Suala linafuatiliwa. Mawasiliano na Lisbon yanaendelea. Si wakati mwafaka wa kuweka nyaraka mezani. Mbunge anakaa, miezi inapita, mwingine anasimama na swali lile lile kwa maneno mengine.

Ila nyuma ya lugha hiyo baridi kulikuwa na jambo jipya na zito. Ureno ilikuwa na hoja, na haikuwa hoja ya kitoto. Ilisema: kampuni tuliyoifutia mkataba ni ya Kireno, imesajiliwa Lisbon, iko chini ya sheria za Ureno. Ikiwa ina malalamiko, mahakama za Ureno zipo. Uingereza na Marekani mnaingiaje kwenye ugomvi wa Ureno na Mreno?

Lord Salisbury, aliyekuwa Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Nje kwa wakati mmoja, hakukubali. Washington nayo, chini ya James G. Blaine, ilisimama upande wa mjane wa McMurdo. Jibu lao, ukilichuja, ni hili: kampuni ya Lisbon mmeshaiua, haina tena uwezo wa kudai chochote. Kwa hiyo tunaangalia nyuma yake, tunamwona mwanahisa, na mwanahisa ni wetu.

Fikiria uzito wa wazo hilo. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa kama pazia, ukiifunga umemaliza. Sasa mataifa mawili yenye nguvu yalikuwa yanapandisha pazia na kusema nyuma yake kuna watu wenye pasipoti. Hadi leo wanasheria wa kimataifa wanaitaja kesi ya Delagoa wanapojadili haki za wanahisa. Ilitajwa hata kwenye shauri maarufu la Barcelona Traction lililoamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1970.

Ureno ilisalimu amri nusu. Mwaka 1890 ilitoa pauni 28,000 kama malipo ya awali. Mwaka huo huo, tarehe 11 Januari, Uingereza ilikuwa imeipa Ureno onyo la mwisho kuhusu maeneo mengine, bonde la Shire na Mashonaland, na Ureno ikalazimika kurudi nyuma kwa aibu kubwa. Hasira ya mitaani ilizaa wimbo, A Portuguesa, ambao leo ni wimbo wa taifa la Ureno. Taifa lililokuwa likiwanyonya wengine lilijiona linanyonywa, na lilikuwa sahihi kwa yote mawili.

Tarehe 13 Juni 1891 nchi tatu zikasaini makubaliano kule Berne: wanasheria watatu wa Uswisi wakadirie fidia. Walioteuliwa ni Joseph Blaesi, Andreas Heusler na Charles Soldan.

Miaka tisa ya kusubiri, na treni inatembea

Kutoka 1891 hadi 1900 Waswisi walisoma. Hati kwa maelfu, za Kireno, Kiingereza na Kifaransa. Wakateua wataalamu wa reli kukadiria thamani ya njia na faida ambayo ingepatikana. Kule London swali likabadilika sura: sasa wabunge hawaulizi fidia itakuwa kiasi gani, wanauliza tu hukumu itatoka lini. Mawaziri walibadilika, majibu hayakubadilika.

Wakati wote huo treni ilikuwa inatembea, na Ureno ndiyo iliyokuwa inapokea nauli. Waholanzi wa Kruger walikamilisha upande wao, na mwaka 1895 njia nzima mpaka Pretoria ikazinduliwa kwa sherehe. Mji mmoja kwenye njia hiyo uliitwa Machadodorp, kwa heshima ya mhandisi Mreno Joaquim Machado aliyepima njia. Lourenço Marques, uliokuwa mji mdogo wa homa na vinamasi, ukavimba. Mwaka 1898 ukawa makao makuu ya koloni badala ya Kisiwa cha Msumbiji.

Hapo msomaji wa Kiswahili inafaa asimame kidogo. Kisiwa cha Msumbiji ni kisiwa chetu, kwa maana ya ulimwengu wa pwani: misikiti, majahazi, watu wa Kilwa, Comoro na Angoche. Kwa karne nyingi kitovu cha nchi ile kilikuwa kaskazini, kikitazama bahari ya Waswahili. Reli iliyokuwa ikigombaniwa Berne ilisaidia kukihamishia kusini kabisa, kikatazama migodi. Mtu wa Cabo Delgado leo akikuambia kwamba Maputo ni mbali, hazungumzii kilomita tu.

Kuna jambo jingine lililotukaribia zaidi. Kila mtu Ulaya alijua Ureno haina fedha, na kwamba hukumu ya Berne ikija kubwa italazimika kukopa. Tarehe 30 Agosti 1898 Uingereza na Ujerumani zikasaini mkataba wa siri. Ureno ikija kukopa, zitamkopesha pamoja, na dhamana itakuwa mapato ya forodha ya makoloni yake. Ikishindwa kulipa, kusini mwa Msumbiji ni eneo la Mwingereza, na kaskazini, ule upande unaopakana na Ruvuma, ni la Mjerumani. Mjerumani ndiye aliyekuwa anatawala Tanganyika wakati huo. Ureno ikanusa mtego, ikakataa kukopa, na mkataba ukabaki kwenye makabrasha. Lakini deni la reli ya kilomita 80 lilitosha kuwafanya wakubwa wawili wachore upya, kwa penseli, mpaka wa kusini wa nchi yangu.

Waronga

Sasa turudi kwenye swali letu. Wametajwa wanahisa, wenye hatifungani, mjane, mawaziri, marais, wahandisi, majaji. Nchi iliyopitiwa na reli ilikuwa na watu. Ni Waronga, tawi la watu wanaojulikana kwa jumla kama Watsonga, waliokuwa na watawala wao pande zote za ghuba.

Wakati majaji wanaendelea kusoma, Wareno waliongeza kodi ya kibanda na kuwakamata watu kwa kazi za lazima. Mwaka 1894 Waronga wa Mahazul na wa Nwamantibyane, mtawala ambaye Wareno walimwita Zixaxa, wakanyanyuka. Oktoba wakaushambulia mji wa Lourenço Marques wenyewe, mji wa reli, na kuutia hofu kwa miezi. Wareno wakaleta majeshi kutoka Ulaya. Tarehe 2 Februari 1895 walipigana Marracuene, na mikuki ilishindwa na bunduki. Kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika pale kwa sherehe ya Gwaza Muthini kuwakumbuka waliokufa.

Nwamantibyane alikimbilia kwa Gungunhana, mfalme wa Gaza. Wareno wakadai atolewe, na hilo likawa moja ya visingizio vya kumvamia mfalme. Desemba 1895 Gungunhana akakamatwa Chaimite. Wote wawili walipelekwa uhamishoni visiwa vya Azores, katikati ya bahari ya Atlantiki, na Gungunhana akafia huko 1906.

Ndugu msomaji, weka kalenda mbili sambamba. Kwenye moja, mwanahisa wa London amechukuliwa hisa zake: anapata maswali bungeni, hati za kidiplomasia, mataifa mawili na majaji watatu. Kwenye nyingine, Mronga amechukuliwa ardhi, kodi na jasho lake: anapata mizinga. Ni kipindi kile kile, bandari ile ile, serikali ile ile ya Ureno. Na katika mkataba wa Berne hakuna mahali ambapo mtu angeweza kumwingiza Mronga hata kama angetaka. Kazi ya majaji ilikuwa kukadiria fidia ya wawekezaji, basi.

Lakini kuna kitu ambacho wapenzi wa fasihi watakifurahia, au kitawauma. Mwaka 1889, mwaka ule ule wa kuchukuliwa kwa reli, mmisionari kijana wa Uswisi, Henri-Alexandre Junod, alifika Delagoa. Akaishi na Waronga, akajifunza lugha yao, akakaa na wasimuliaji, wengi wao wanawake, akaandika alichosikia. Mwaka 1896 sarufi yake ya Kironga ilichapishwa Lausanne. Mwaka 1897, Lausanne tena, ukatoka mkusanyiko wa nyimbo na hadithi za Waronga. Mwaka 1898 Neuchâtel ikachapisha kitabu chake kuhusu maisha yao.

Yaani ndani ya Uswisi, wakati majaji wa Uswisi wanapima thamani ya mataruma na reli, mtu angeweza kuingia dukani akanunua kitabu chenye sauti za watu wa ghuba ile. Junod alikuwa mtu wa zama zake, na maelezo yake yana kasoro za mmisionari wa karne ya 19. Lakini alifanya jambo ambalo Bunge la Makabwela halikufanya: aliwauliza. Aliuliza habari za sungura na zimwi, mahari na mvua, na wao wakajibu kwa kirefu. Hakukuwa na njia ya kisheria ya kutoka kwenye kitabu kile kwenda kwenye jalada la majaji. Fasihi iliwasikia watu ambao sheria haikuwa na kiti kwa ajili yao.

Hukumu

Tarehe 29 Machi 1900 majaji walitoa uamuzi. Walikubali kwamba Ureno iliwajibika kulipa kwa kuvunja mkataba. Kiasi: faranga za Uswisi 15,314,000, pamoja na riba ya asilimia 5 kwa mwaka tangu 25 Juni 1889, mbali na zile pauni 28,000 zilizokwisha kulipwa. Piga hesabu: riba ni faranga 765,700 kwa mwaka, kwa karibu miaka 11, jumla inavuka milioni 23. Ni fedha nyingi, lakini pungufu sana ya zilizodaiwa, na wadai wakalalamika. Ureno ikalipa bila kuanguka kwenye mtego wa mkopo wa 1898.

Kwa wakati huo Uingereza na Makaburu walikuwa tayari vitani. Desemba 1899 mwandishi wa habari kijana, Winston Churchill, alitoroka gerezani Pretoria akajificha kwenye behewa la mizigo mpaka Lourenço Marques. Septemba 1900 Kruger mwenyewe, mzee, alipita reli hiyo hiyo akielekea uhamishoni. Reli aliyoipigania ili iwe mlango wake wa uhuru ikawa mlango wake wa kutokea.

Kutoka Berne mpaka Dar

Kwa nini haya yatuhusu, ukiacha utamu wa kisa? Kwa sababu lile wazo la kupandisha pazia na kumwona mwanahisa halikufia Berne. Leo limeandikwa kwenye mikataba ya kulinda uwekezaji, na Tanzania imesaini kadhaa.

Wakazi wa Dar wa umri wangu wanakumbuka City Water. Ilikuwa kampuni iliyosajiliwa Tanzania, ikakabidhiwa huduma ya maji jijini mwaka 2003. Wanahisa wake wakubwa walikuja kupitia Biwater Gauff, kampuni iliyosajiliwa Uingereza. Mei 2005 serikali ikatangaza kuvunja mkataba. Tarehe 1 Juni viongozi wake wa kigeni wakafukuzwa nchini na ofisi zikachukuliwa. Unaiona sura? Kampuni ya hapa, wanahisa wa kule. Safari hii hapakuhitajika swali bungeni wala onyo la Waziri Mkuu. Mwanahisa alikwenda mwenyewe kwenye baraza la usuluhishi chini ya Benki ya Dunia, akiwa na mkataba wa Uingereza na Tanzania mkononi.

Hukumu ilitoka 24 Julai 2008. Baraza lilisema Tanzania ilikiuka mkataba, lakini haikuamuru fidia, kwa maelezo kwamba kampuni ilikuwa imeshapoteza thamani kabla ya kufukuzwa. Wengi tulisoma kichwa cha habari, "Tanzania haitalipa", tukageuza ukurasa.

Mimi kinachonivutia zaidi kiko katikati ya shauri. Mashirika matano, miongoni mwao LHRC, LEAT na TGNP ya hapa Tanzania, yaliomba kusikilizwa. Hoja yao ilikuwa rahisi: mnazungumzia maji ya watu wa Dar, basi watu wa Dar wawe na neno. Mwaka 2007 baraza likawaruhusu kuleta maelezo kwa maandishi. Lakini kuingia chumbani shauri likisikilizwa, hapana.

Kutoka 1900 hadi 2007 ni miaka 107. Katika miaka hiyo yote, mtu ambaye mali inayogombaniwa inapita kwenye ardhi yake au bombani kwake amesogea kutoka kutotajwa kabisa mpaka kuruhusiwa kuandika barua. Si haba, na si hatua ya kudharau. Ila mwanahisa yuko ndani ya chumba tangu 1891.

Nasema hivi bila kumtakasa anayetaifisha. Ureno ilivunja neno lake, na majaji walikuwa sahihi kuiambia ilipe. Serikali inayoweza kumnyang'anya mgeni mwenye wakili itamnyang'anya mwenyeji asiye na wakili kwa wepesi zaidi, na Waronga ni ushahidi. Tatizo la Delagoa halikuwa kwamba mwekezaji alisikilizwa. Alisikilizwa peke yake.

Baada ya hukumu reli iliendelea na kazi iliyokusudiwa. Ilipeleka bidhaa na watu. Kwa miongo mingi wanaume wa kusini mwa Msumbiji walipanda treni kwenda kuchimba dhahabu ya Rand, wengine wakarudi na masanduku na vifua vibovu, wengine hawakurudi. Hugh Masekela aliimba kuhusu treni za namna hiyo katika Stimela. Gungunhana amerudi kwenye riwaya, katika Ualalapi ya Ungulani Ba Ka Khosa ya mwaka 1987, na baadaye kwa Mia Couto. José Craveirinha, aliyezaliwa Lourenço Marques 1922 na mama Mronga, akawa mshairi mkubwa wa jiji lililojengwa na reli hiyo.

Ukiwa na jioni ya bure, fungua taarifa za Bunge la Uingereza za mwaka 1889, zipo mtandaoni bila malipo, kisha chukua hadithi za Waronga alizokusanya Junod. Soma kurasa chache za huku na chache za kule. Na siku nyingine ukisikia bungeni kwetu mheshimiwa anasimama kuuliza juu ya mwekezaji fulani na mkataba fulani uliovunjwa, msikilize mpaka mwisho uone kama swali lake litamfikia mtu anayekaa kando ya reli.